Mjomba Wake Rosa: Familia katika Riwaya na Sinema Zetu

Riwaya ya Kiswahili, tangu ilipoanza kuachana na majini na wafalme wa nchi zisizojulikana, imeishi zaidi ndani ya nyumba. Humo tunamkuta baba mkali, mama mvumilivu, na binti ambaye atalipia ukali wa mmoja na uvumilivu wa mwingine. Walimu wanaijua nyumba hiyo kwa kuifundisha mwaka hata mwaka, na wanafunzi wanaijua kwa kuijibia maswali ya mtihani. Katika makala haya tunakusudia kutoa maoni yetu juu ya nyumba hiyo, jinsi ilivyojengwa katika riwaya kadhaa na katika sinema zilizofuata. Maoni yenyewe ni ya watu wanaokaa Kingolwira, chini ya milima ya Uluguru, na hapana shaka kwamba mahali msomaji alipoketi hubadili kile anachokiona katika kitabu.

Kwanza neno lenyewe. Familia ni neno la kukopa, na lilipokuja lilikuja na nyumba yake: baba, mama, watoto, na mlango unaofungwa. Wazee wetu walikuwa na jamaa, ukoo, mlango, kaya, na watu wa pwani walikuwa na aila. Maneno hayo hayana ukubwa mmoja, wala hakuna hata moja kati yake linaloingia sawasawa katika kile tunachokiita familia leo. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini mhakiki anayesema kwamba riwaya fulani inahusu familia hana budi kwanza kutuambia familia hiyo inaishia wapi.

Tuanze na Rosa Mistika ya marehemu Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kwa muda fulani ilizuiwa isisomwe mashuleni. Zakaria, mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya ulevi, anaiona barua ya mvulana aitwaye Charles kwa bintiye Rosa, naye anampiga kipigo cha kinyama. Tangu siku ile Rosa anakua akiogopa wanaume. Anapofika mbali na macho ya baba, woga ule unageuka kuwa kitu kingine, na safari yake inampitisha mpaka chuo cha ualimu cha hapa kwetu Morogoro. Mwisho wake ni kujiua. Wengi wamekwisha kueleza kwamba mwandishi anamlaumu mzazi anayechunga bila kufundisha, na maelezo hayo ni ya haki. Sisi hatuna haja ya kuyarudia.

Lakini katika mazungumzo yetu na wanafunzi wa kidato cha nne juu ya kitabu hiki, kijana mmoja wa Kiluguru aliuliza swali ambalo hatukuwahi kulikuta katika miongozo ya mitihani. Aliuliza: “Mjomba wake Rosa alikuwa wapi?” Wenzake walicheka. Sisi tuliona kwamba swali lile lilistahili kujibiwa, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mamaye, ambao wao huuita lukolo. Ardhi ya kale ilishikwa na ukoo huo, na urithi ulipita upande wa mama, hata mtu akamrithi mjomba wake na si babaye. Mara nyingi mume ndiye aliyehamia kwa watu wa mke. Katika nyumba ya namna hiyo baba ana heshima yake, hulima, hulea, hupendwa. Lakini hana neno la mwisho juu ya watoto. Akimpiga bintiye hata kumuumiza, kaka wa mke atakuja kuketi uani na kuuliza kisa chake. Hakuja kama mgeni, bali kwa sababu mtoto aliyepigwa ni wake.

Si haki, bila shaka, kumdai Kezilahabi mjomba wa Kiluguru. Kijiji chake cha Namagondo kiko Ukerewe, na huko ukoo hufuata baba. Hata hivyo, huko nako kuna shangazi, kuna babu, kuna wazee wa mji, na ulevi wa Zakaria haukuwa siri ya mtu. Mwandishi amewasogeza wote hao mbali, na tunaamini kwamba alifanya hivyo kwa makusudi. Regina anavumilia peke yake. Rosa anateseka peke yake. Kitisho cha riwaya hii, kwa maoni yetu, ni kwamba Zakaria hana wa kumwuliza, na kutokuwapo huko ni kuzito kuliko hata fimbo aliyoishika. Kijana wetu aliuona upungufu ule kwa sababu kwao mtu huyo yupo, au alikuwapo.

Mwaka huohuo wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa. Sheria ile ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, na ikaeleza ni nani wa kutoa ridhaa kwa msichana ambaye hajatimiza miaka 18: baba, baba akiwa amekufa, mama, na wote wawili wakiwa wamekufa, mlezi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Lakini tuutazame mpangilio wenyewe. Sheria na riwaya, kila moja kwa njia yake, zilijenga nyumba moja katika mwaka mmoja, na mjomba hakupewa kiti katika nyumba hiyo. Tofauti ni kwamba sheria iliiona nyumba hiyo kuwa mpango mzuri, hali riwaya iliiona kuwa gereza.

Shaaban Robert alikuwa na nyumba nyingine. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamhusudu ndugu yao hata kutaka kumwua. Wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku ingawa moyo wake unalia. Kisa hicho ni cha majini, lakini ni cha familia vilevile. Siri ile ya usiku inatoka nje ya nyumba, inafika kwa Mfalme Rai, na mfalme anaisikiliza, anauliza, anaomba msamaha kwa niaba ya wenye kosa. Msomaji wa leo humwona Rai kuwa kiongozi mwema asiyepatikana duniani. Sisi tunamwona pia kuwa mzee wa baraza: mtu wa nje ya mlango mwenye haki ya kuingia.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, inatupeleka Unguja, nyumbani kwa Maksuudi. Huyu ni tajiri na mtu wa siasa, naye amemfungia bintiye Maimuna ndani asionane na ulimwengu. Hapa mwalimu wa Morogoro ana nafasi ya kufundisha jambo kwa kulinganisha. Waluguru, kama majirani zao Wazaramo, nao walimweka mwali ndani, pengine kwa muda mrefu mno, na desturi hiyo iliwapunguzia wasichana wengi masomo. Hatuisifu kwa hilo. Lakini mwali aliwekwa ndani ili siku moja atolewe kwa ngoma mbele ya watu wote, na humo ndani alikuwa na wa kumfunda. Ukuta wa Maksuudi hauna siku ya kutoka. Na mlango unapofunguka, anayemwongoza Maimuna ni mkunga Bi Farashuu, ambaye ana kisasi chake cha zamani na Maksuudi. Msaada wa kutoka nje, mara hii, umekuja na sumu. Tunaiona sehemu hii kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika kitabu, hata kuliko sura za ulevi na maanguko ya mjini ambazo wanafunzi huzikumbuka haraka.

Mjomba anapatikana hatimaye katika Vuta N’kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, ameozwa akiwa na umri wa miaka 15 kwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa. Anapomtoroka mume na kukimbilia kwa mjomba wake, mjomba anamfukuza. Kijana wetu wa kidato cha nne angekuwa na jibu lake hapo: mjomba alikuwapo, akafunga mlango. Anayempokea Yasmin ni Mwajuma, mwanamke maskini asiye na damu moja naye, wala rangi moja, wala dini ya namna moja. Amil Shivji alipoifanya riwaya hii sinema, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, watu wengi waliizungumza kuwa sinema ya mapenzi na ya kupigania uhuru. Ni kweli. Lakini sisi tulipoitazama jicho letu lilibaki kwa Mwajuma, maana chumba chake kinafanya kazi ambayo ukoo umekataa kuifanya.

Sinema za video zilizoenea Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hatutakaa nazo sana. Zimewapa watu wetu kicheko na machozi kwa lugha yao wenyewe, na hilo si haba. Kosa lake ni kwamba jamaa wanaporudi humo hurudi wakiwa wachawi: wifi mchonganishi, mama mkwe mwenye hirizi, ndugu wa marehemu wanaokuja matangani na gari la kubebea samani. Mjomba amebaki wa kuchekesha. Hata jina lake limegeuka, kama lilivyo katika Uncle JJ ya marehemu Steven Kanumba. Mtazamaji kijana hufundishwa kwamba usalama uko kwa mume, mke na televisheni yao, na kwamba kila abishaye hodi ni balaa. Ni afadhali tumrejeshe kwenye Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya mwaka 1985 ya Nangayoma Ng’oge na Mmarekani Ron Mulvihill. Humo mwanamke mgonjwa ambaye hospitali haikumponya anapelekwa kwa mganga, na tiba yake haiwi mambo ya mume na mke tu. Watu wengi wanakusanyika. Mtu akipenda abishane na uganga wake, lakini ule mkusanyiko tunauamini.

Isidhaniwe kwamba tunataka wajomba watawale tena. Katika kazi zetu za ofisini tumesoma majalada ya mashauri ya ardhi yanayotosha kumwondolea mtu ndoto hiyo. Na Kingolwira yenyewe si Uluguru tupu. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, mashamba ya mkonge yakafuata, na wakataji wakaja kutoka mbali. Kisha kuna gereza na nyumba za askari wake. Katika makambi ya mkonge mtoto alizaliwa pasipo na mjomba wala shangazi, siku nyingi za safari kutoka kwa babu yake. Zakaria angeweza kuishi pale miaka mingi bila kuulizwa. Kwa hiyo nyumba ya Kezilahabi hatuwezi kuiita uzushi; mkonge, mishahara na uhamisho wa kazi vimeijenga karibu na kwetu pia.

Riwaya ambayo bado hatujaisoma ni ile ya baba wa Kiluguru. Tumfikirie mtu aliyepanda migomba na mibuni juu huko Kinole au Mkuyuni, katika shamba la ukoo wake mwenyewe, pamoja na wanawe ambao si wa ukoo huo. Amezeeka. Wanawe waliochimba mashimo ya mibuni wamekaa upande mmoja wa ua. Upande wa pili wamekaa wapwa zake, ambao shamba ni lao kwa desturi, nao hawakuwahi kushika jembe pale. Mkewe yuko jikoni na anasikia kila neno. Hapana mkatili katika ua ule, wala mlevi, wala mchawi. Mzee anaombwa aseme mibuni ni ya nani.