Nguo ya Sadaka Igeuze Ndani Nje

Ukipewa gauni la mtoto lililoshonwa kwa mabaki ya vitambaa, usianze kwa kusifia rangi. Ligeuze ndani nje. Kwa nje, fundi yeyote mwenye vipande vizuri vya vitenge anaweza kufurahisha macho. Ndani ndiko utakakojua kama alimfikiria mtoto atakayelivaa au alifikiria picha za siku ya kukabidhi.

Kila Ramadhani, na tena Krismasi inapokaribia, vikundi vya akina mama, misikiti, makanisa na mafundi wenyewe hukusanya mabaki na kuwashonea watoto wa vituo vya yatima. Ni kazi njema na ya zamani. Matendo ya Mitume, sura ya 9, inamtaja Dorkasi wa Yafa aliyewashonea wajane. Alipofariki, wajane hao walimwonyesha Petro nguo zenyewe, na kazi yake ikasemewa na waliozivaa. Suratul Baqara, aya ya 267, nayo inakataza kutoa kibovu ambacho mtoaji mwenyewe asingependa kukipokea. Mimi naongeza sababu ya kifundi. Mteja aliyelipa, mshono ukiachia, humrudia fundi wake na kumdai. Mtoto wa kituoni hana pa kuirudisha nguo, na huenda hata sindano ya kushikizia hana. Kwa hiyo nguo yake inatakiwa kuwa imara kuliko ya mteja.

Anza na kitambaa. Kitenge kwa kawaida huuzwa yadi 6, na mshono wa kawaida haukimalizi chote. Katika vibanda vya mafundi wanaonunua Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, au Mtaa wa Biashara kule Mombasa, vipande vinavyobaki hutupwa kwenye kiroba chini ya meza: pamba, teteroni, satini na lesi, vyote pamoja. Hapo ndipo kasoro huanza. Pamba hurudi ikifuliwa, poliesta hairudi. Ukiziunga kwenye gauni moja, baada ya kufuliwa mara chache mshono unakunjamana na hakuna pasi itakayounyoosha. Na pasi yenye moto wa kutosha pamba inaweza kuiharibu poliesta iliyo jirani yake. Ukiwa na shaka, chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua ikinuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kitone kigumu. Rangi ipime kwa kitambaa cheupe kilicholowa: sugua, na kikitoka na rangi, kipande ulichokisugua kisikae jirani na cheupe. Fundi makini huloweka mabaki yote ya pamba na kuyaanika kabla mkasi haujagusa kitu.

Kisha angalia uzi umelala vipi. Kitambaa kikivutwa kwa kufuata mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wake, hakitanuki sana. Kikivutwa mshazari hulegea. Kipande cha mabaki mara nyingi kimeshapoteza ukingo, na fundi mvivu hukikata kwa namna yoyote ile alimradi kielezo kienee. Lishike gauni mabegani uliache lining'inie. Mshono wa ubavuni ukijizungusha kuja mbele, au pindo likishuka upande mmoja, kitambaa kilikatwa mshazari bila kukusudia. Kasoro hiyo haina dawa, na mimi nguo ya namna hiyo siipitishi hata mishono yake iwe mizuri vipi.

Sasa maungo, ambayo ndiyo sanaa yenyewe ya kushona mabaki. Swali la kujiuliza ni hili: je, ungejua kwamba kitambaa hakikutosha? Kwa fundi hodari huwezi kujua. Anaweka kipande tofauti mahali ambapo nguo yoyote ingestahili kipande tofauti: kifuani juu, mifukoni, kwenye kola, mkanda wa chini wa sketi. Kulia kukiwa na bluu, kushoto kuna bluu. Fundi asiyejali huunga pale kitambaa kilipoishia, katikati ya paja au nusu ya mkono, na mtoto anatembea amevaa tangazo la kwamba nguo yake ilipatikana kwa bahati. Watoto wanaliona hilo upesi kuliko watu wazima. Tazama pia michoro: ndege wa kitenge wasisimame kichwa chini, na maua ya kifuani yasikatwe nusu kwa sababu tu kipande kilikuwa kidogo.

Khanga ina hadhari yake. Pindo lake likipangwa vizuri chini ya gauni hupendeza kuliko lesi ya dukani. Lakini khanga ina jina, na majina mengi ni ya watu wazima: mafumbo ya wake wenza, majirani, mapenzi. Nimeona maneno ya ugomvi yakikaa mgongoni kwa mtoto wa miaka 5. Lisome jina kabla ya kukata. Likiwa dua au heri, liache zima, lisomeke. Likiwa la vita, lifiche ndani ya pindo au ulikate lote.

Rudi ndani ya nguo. Mshono wa pamba nyepesi unapendeza ukiwa na hatua 10 hadi 12 kwa inchi. Uweke kati ya vidole gumba viwili uuvute kwa pande mbili: uzi ukijitokeza kama ngazi, cherehani haikukazwa sawasawa au hatua ni ndefu mno. Uzi wa juu na wa bobini unapaswa kukutana katikati ya kitambaa. Upande mmoja ukionyesha uzi uliolala umenyooka kama kamba, mshono huo utafumuka wote siku uzi mmoja utakapokatika. Angalia mwanzo na mwisho wa kila mshono kama fundi alirudisha nyuma kidogo kuufunga. Kingo zipigwe ovaloki. Asiye na ovaloki akunje ukingo na kuushona mara ya pili, kama ulivyo mguu wa suruali ya jinsi. Kwapani, kwenye makutano ya miguu ya kaptula na kwenye pembe za mifuko nataka mshono mara mbili. Mtoto anapanda miti, anavutana na wenzake, anabeba mawe mfukoni. Hapo ndipo kaptula nyingi hufa.

Nguo ya sadaka imekaa vizuri kama imeacha nafasi ya kukua. Pindo la inchi 2 chini ya gauni linaweza kushushwa mwaka unaofuata. Lastiki ya kiunoni iachiwe kitundu kidogo kwa ndani, ili ikilegea ibadilishwe bila kufumua mkanda mzima. Kichwa cha mtoto wa miaka 6 kina mzunguko wa kama sentimita 52, basi shingo isiyo na kifungo wala zipu isipungue hapo. Magauni mazuri mengi huachwa kabatini kwa sababu hii peke yake. Kamba za kufunga shingoni usizipitishe kwa mtoto mdogo. Zinaweza kumnyonga zikinasa mahali, na viwango vya Ulaya vimezikataza kwenye nguo za watoto wa chini ya miaka 7. Kifungo kivute kwa nguvu, kwa sababu kikitoka kitaingia mdomoni.

Pini zilizosahauliwa na nyuzi zinazoning'inia, hilo halihitaji maelezo.

Mwisho, kabla ya kufunga furushi, chukua nguo moja kutoka kila fungu uifue kwa sabuni ya mche, uikamue kwa nguvu na uianike juani. Iliyoshindwa ifumuliwe na kushonwa upya, au igeuzwe matambara ya jikoni, isipelekwe. Na upige simu kituoni kabla ya kukata chochote. Magauni hupendeza kwenye picha, lakini walezi wakikwambia watoto wana upungufu wa chupi na kaptula za shule, basi shona chupi na kaptula.