Gharama ya Safari kama Msuko: Uhakiki wa Kanuni ya Deuteri katika Mchezo wa OGame

Mhakiki wa michezo ya kompyuta kwa kawaida huanza na picha, wahusika au kisa. OGame, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Gameforge ya Ujerumani ulioanza mwaka 2002, humnyima karibu vyote hivyo. Mbele ya mchezaji mna majedwali ya tarakimu: akiba ya chuma, fuwele na deuteri, idadi ya vyombo vya anga, na saa inayohesabu kurudi nyuma mpaka msafara ufike. Hakuna chombo kinachoonekana kikiruka. Ikiwa mchezo huu una masimulizi, basi yapaswa kutafutwa mahali pengine, na sehemu hii inadai kwamba yamo katika kanuni ya kukokotoa mafuta ya safari. Ian Bogost, katika *Persuasive Games* (2007), alikwisha kuonyesha kwamba michezo hushawishi kwa taratibu zinazotendeka kuliko kwa maneno. Hoja hiyo inachukuliwa hapa kama msingi, kwa tahadhari moja: utaratibu waweza kuvaa vazi la jambo moja huku ukizungumzia jingine.

Kanuni yenyewe, kwa umbo lake la awali, si ngumu. Matumizi ya msingi ya chombo huzidishwa kwa idadi ya vyombo na kwa umbali, kisha hugawanywa kwa 35,000. Jawabu hilo huzidishwa kwa kipeo cha pili cha jumla ya 1 na kiwango cha mwendo, ambacho mchezaji hukichagua kwa hatua za asilimia 10, kutoka 0.1 hadi 1. Mwishoni huongezwa deuteri 1. Tuchukue meli kubwa 100 za mizigo, kila moja ikiwa na matumizi ya msingi ya 50 na kasi ya 7,500, zikielekea mfumo wa jua wa jirani, ambao umbali wake ni 2,795. Ili hesabu ibaki nyepesi, nyongeza ya kasi itokanayo na utafiti wa injini imeachwa. Kwa mwendo kamili msafara hutumia deuteri 1,598 na hufika baada ya saa 1 na dakika 53. Kwa asilimia 10 hutumia 484 tu, lakini huchukua zaidi ya saa 18 na nusu kwenda, na muda kama huo kurudi.

Msomaji wa haraka angeona hapa funzo la kawaida la uchumi, yaani haraka ni ghali. Lakini mchezaji mzoefu hasomi hivyo. Vyombo vilivyotulia sayarini vyaweza kushambuliwa wakati wowote. Vilivyo safarini haviwezi kuguswa. Nao mchezo hauzimwi mchezaji anapokwenda kulala. Kwa sababu hiyo, safari nyingi za OGame hazina mahali pa kufika. Msafara hupakiwa mali yote, hutumwa nje jioni na hurudi asubuhi. Kwa asilimia 50, msafara uliotajwa hapo juu hutumia deuteri 899 na hukaa nje saa 7 na dakika 31 kwenda na kurudi. Hiyo si kasi ya chombo tena. Ni urefu wa usingizi wa mtu mzima, na deuteri 899 ndiyo bei yake.

Ukisomwa kwa jicho hilo, upungufu wa kifizikia ambao kanuni hulaumiwa kwao hupata maana. Lawama zenyewe ni za haki. Tangu Konstantin Tsiolkovsky alipochapisha mlinganyo wake mwaka 1903, inajulikana kwamba mafuta ya roketi hutegemea badiliko la kasi na uzito unaosukumwa. Umbali wenyewe haudai mafuta, kwa kuwa chombo kikishapata kasi huendelea kuelea. OGame hufanya kinyume. Mafuta huongezeka sambamba na umbali, kama lori la masafa marefu, lakini meli tupu na iliyojaa hulipa sawasawa, jambo ambalo hata dereva wa lori hawezi kulikubali. Chombo kikubwa kuliko vyote, Deathstar, kina matumizi ya msingi ya 1, chini ya meli yoyote ya mizigo, ila kasi yake ya msingi ni 100 tu. Katika ulimwengu wa awali wenye mifumo 499 kwa kila galaksi, kutoka mfumo wa kwanza hadi wa mwisho ni umbali wa 50,010, ilhali kuvuka kwenda galaksi ya jirani ni 20,000. Mtu huona nafuu kuhamia galaksi nyingine kuliko kuvuka ua wake mwenyewe.

Lakini kanuni haikuundwa ielezee anga. Deathstar karibu haidai mafuta kwa sababu inadai kitu kingine: subira ya saa nyingi, pamoja na woga wa anayeingoja ifike. Kinachogawanywa na kanuni hii ni muda wa mchezaji. Deuteri ni sarafu tu ya kuununulia.

Ushahidi wa wazi zaidi umo katika mtambo wa mwezini unaomwezesha adui kuchungulia safari za sayari zilizo karibu naye na kujua sekunde ambayo msafara utarudi. Kila mchungulio hugharimu deuteri 5,000, zaidi ya mara tatu ya safari nzima ya mwendo kamili katika mfano wetu. Katika mchezo unaojiita wa safari za anga, kujua saa ya mtu kurudi nyumbani ni ghali kuliko kusafiri. Bei hiyo peke yake yatosha kuonyesha ni kipi hasa kinachowindwa.

Hapa ndipo udhaifu wa kisanaa wa OGame ulipo, nao si ule wa kifizikia. Kanuni huchukulia kwamba kila mchezaji ana usiku mmoja usiokatika. Mwenye zamu za kazi, au mzazi wa mtoto mchanga, hulipa kwa hatua zilezile za asilimia 10, ilhali hatua hizo ni pana mno kwa maisha yake: katika mfano wetu, chini ya asilimia 50 ipo 40, yenye saa 9 na dakika 23, na katikati hamna kitu. Anayetaka dakika chache zaidi hulazimika kubadili mwisho wa safari. Akiutuma msafara mfumo wa pili badala ya wa kwanza, kwa umbali wa 2,890, gharama hupanda kutoka 899 hadi 930, na msafara hurudi baada ya saa 7 na dakika 38. Mfumo huo wa pili waweza kuwa mtupu, bila sayari hata moja yenye mwenyewe. Umechaguliwa kwa ajili ya dakika 7 na nusu za usingizi, na mchezaji hana haja ya kulijua lolote jingine juu yake.