Kunyoosha kwa kukata upande mzima

Mwaka 1743 François Gigot de La Peyronie, mpasuaji wa mfalme wa Ufaransa, alieleza ugonjwa wa uume kupinda unaposimama. Dawa aliyowapa wagonjwa ni maji ya chemchemi ya Barèges, ambayo sidhani yalimnyoosha mtu.

Ganda linalozunguka tishu za uume zinazojaa damu hutanuka pande zote. Jeraha dogo la wakati wa tendo la ndoa, ambalo mara nyingi mwenyewe halikumbuki, likipona vibaya huacha kovu gumu. Upande wa kovu hautanuki, kwa hiyo uume hupinda kuelekea huko.

Mtu angetarajia kovu ndilo likatwe. Reed Nesbit mwaka 1965 aligeuza hesabu: punguza upande mzima, ule unaotanuka, pande mbili zilingane. Yeye alikuwa akitibu waliozaliwa na mpindo. Pryor na Fitzpatrick wakaipeleka kwa wenye kovu, yaani wagonjwa wa Peyronie, mwaka 1979. Kilichoifanya kazi iwe ya uhakika ni mbinu ya Gittes na McLaughlin ya 1974: mpira hufungwa kwenye shina, maji ya chumvi hudungwa, uume husimama mezani na mpindo huonekana. Mpasuaji huondoa kipande cha ganda, takriban milimita 1 kwa kila nyuzi 10 za mpindo, hushona, kisha hudunga tena kuhakiki. Uume hufupika kidogo, na mgonjwa aambiwe hilo kabla ya kisu. Mpindo unaozidi nyuzi 60 mara nyingi huhitaji kiraka, na hiyo ni kazi ya bingwa.

Sindano za kolajenesi, zilizoidhinishwa Marekani Desemba 2013, hufika 8 na hukaa kwenye friji. Kwa hospitali ya mbali kama ya Kabambare, mashariki mwa Kongo, uzi na maji ya chumvi vina nafasi kubwa zaidi.

Ila kovu changa halikatwi. Husubiriwa takriban mwaka mzima, mpaka maumivu yaishe na mpindo utulie kwa miezi 3 hadi 6. Hapo Kasongo, katika eneo hilohilo, ina urithi wake: tangu 1971 Mradi wa Kasongo, pamoja na wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, uliunganisha vituo vya afya na hospitali ya rufaa kuwa mfumo mmoja. Kungoja huko kunaweza kufanyika kituoni: sukari ipimwe, tarehe ziandikwe kwenye fishi, na mgonjwa apige picha nyumbani kwa simu yake, uume ukiwa umesimama. Safari ndefu ya kumfuata mpasuaji ianze picha zikiacha kubadilika. Anayeweza tendo la ndoa bila shida hana sababu ya kusafiri.