Hukumu ya maji ya Hola

Tarehe 4 Machi 1959, siku moja baada ya mkasa ulioua watu 11 waliokuwa kizuizini katika kambi ya Hola, Kenya, serikali ya kikoloni ilitoa taarifa kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya mkokoteni. Taarifa hiyohiyo ilisema mkokoteni huo ulitumiwa na kundi zima la wafanyakazi pamoja na askari waliowalinda. Hapo hoja ilikuwa imeshajivunja. Maji ni yaleyale, wanywaji ni wote, lakini waliokufa ni wafungwa peke yao. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kipigo.

Nani alikunywa, nani hakunywa? Daktari John Snow aliuliza hivyo London mwaka 1854, akakifuata kipindupindu hadi kwenye pampu ya Broad Street. Ndipo anapopaswa kuanzia kila anayepima maji, kabla ya kugusa chupa.

Hola ya leo ina mto Tana, visima vya kando ya mto, visima virefu na maboza. Ukiuacha mto, maji ya chini mara nyingi huwa ya chumvi. Hayo hayanitishi sana, maana ulimi huyakataa mara moja. Ninachokihofia ni kisima chenye maji maangavu, matamu, kilichochimbwa hatua chache kutoka chooni. Kwa hiyo macho hutangulia: choo kiko upande gani wa mteremko, sakafu ya kisima imepasuka wapi, kamba na ndoo hulazwa juu ya nini, na ng'ombe wanashukia malka (njia ya kufikia mto) ipi kunywa.

Kisha sampuli. Chupa iwe imetakaswa, na mdomo wake usiguswe. Kama maji yametiwa klorini, chupa iwe na sodiamu thayosalfeti kidogo, la sivyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na majibu yatatoka safi kuliko maji yenyewe. Sampuli ikae kwenye barafu na ipimwe ndani ya saa 6, isipite 24. Kwa joto la Hola, na Mombasa iko zaidi ya kilomita 200, kipimo cha kubebeka kinafaa zaidi. Mililita 100 huchujwa kwenye utando mwembamba, nao hulazwa usiku kucha katika nyuzi 44. Asubuhi unahesabu vidoa vya manjano. Shirika la Afya Duniani linataka bakteria wa kinyesi, E. coli, wasionekane hata mmoja katika kiasi hicho.

Majibu ya kiangazi hayafai kutetea maji ya msimu wa mvua. Katika mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili 2024, Tana ulimwagikia makazi na vyoo. Maji ya namna hiyo ukiyatia klorini moja kwa moja, tope huimeza dawa na vijidudu hujificha ndani ya chembe zake. Shabu itangulie, tope litulie, maji yamiminwe taratibu, ndipo klorini ifuate. Baada ya dakika 30, tembe ya kupimia ikigeuza maji kuwa ya waridi, linganisha rangi: angalau miligramu 0.5 za klorini kwa lita.

Tena pima nyumbani, kwenye mtungi ambao mtoto huchovya kikombe. Hapo klorini isishuke chini ya 0.2. Ikiwa maji ya kisima yalifaulu na ya mtungi yamefeli, kinachotakiwa ni mtungi wenye kifuniko na bomba, wala si kuchimba kisima kingine.