Tuzo Ukutani, Picha Mtaani

Filamu ya Softie ya Sam Soko ilionyeshwa mara ya kwanza Sundance, Marekani, Januari 2020, ikarudi na tuzo maalum ya jopo kwa uhariri wake. Ilistahili. Lakini ukiitazama ukiwa Chekalini, kuna swali inalolipita mbio: tuzo humfanyia nini mwanahabari asiye na mwajiri?

Mhusika ni Boniface Mwangi. Picha zake za vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimpa jina, na mara mbili, 2008 na 2010, akatajwa mpigapicha bora katika tuzo za CNN MultiChoice. Tuzo ile ilibeba jina la Mohamed Amin, Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Amin hakungoja barua ya ajira. Alianzisha Camerapix pale Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Yaani tuzo yenyewe ilikuwa na jina la hasla.

Sasa, hapa Lugari picha zile si mambo ya mbali. Turbo ni hapo tu, ukivuka mpaka wa kaunti. Nyumba zilichomwa, watu wakalala kambini. Kenya nzima ilipoteza zaidi ya watu 1,100. Waliolia ndio waliojaa kwenye picha, lakini makofi yalipigwa ukumbini, mbali nao. Simlaumu mpigapicha. Ila kwa sisi tunaoandika shida za watu, hapo ndipo panauma: msiba wa mmoja unageuka sifa ya mwingine.

Mwangi alitafuta jibu. Aliacha kazi ya gazeti, na mwaka 2009 akaanzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyozunguka mji baada ya mji. Picha ziliwekwa nje, barabarani, mama mboga na mtu wa boda wasimame wazione. Kwangu, hilo ni jopo kali kuliko lolote la Sundance. Mbele ya picha anaweza kusimama aliyechomewa nyumba, na kando yake aliyeshika kiberiti. Hakuna pa kujificha, hata kwa mpigapicha.

Ndiyo maana ninaidai Softie. Uzito wake umewekwa kwenye siasa: kampeni ya ubunge wa Starehe mwaka 2017, kura, kushindwa. Kamera ya Mwangi inabaki kama utangulizi tu, kana kwamba kupiga picha ni ngazi ya kupandia kitu kikubwa zaidi. Kwani uanahabari pekee hautoshi?

Pale filamu inaponishika ni nyumbani. Njeri, mkewe, ndiye anayeuliza maswali magumu. Vitisho vya kuuawa vinakuja, yeye na watoto wanakwenda Marekani. Cheti cha tuzo hakina mstari wa kuandikia gharama hiyo. Soko ameuandika, na hiyo ndiyo kazi yake bora humu.

Tuzo si bure, jamani. Jina likijulikana, ni vigumu kukunyamazisha kimyakimya. Lakini wengi wetu tunaoandika kwa kujitegemea huku mashinani hatujafika hapo. Mhariri mmoja alinilipa kwa kuweka jina langu chini ya makala. Jina hilo, dukani, halikopeshi hata pakiti ya unga.

Basi tuzo ziendelee, ila zianzie chini: malipo ya makala kwa wakati, nauli ya kumrudia uliyemhoji, na mtu wa kupigia simu vitisho vikianza. Kisha kazi irudishwe ilikotoka. Kama simulizi ya Turbo haiwezi kusomwa Turbo bila mwandishi kuinamisha macho, hiyo medali imemtambua nani hasa?