Kuuandalia Mlima wa Maji

Ruwenzori hauwashindi watu kwa urefu peke yake. Huwashinda kwa maji. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kiko mpakani mwa Kongo na Uganda, lakini kabla ya kuikanyaga barafu yake mtu huwa ameshalowa kwa siku kadhaa: mvua, ukungu, mizizi yenye utelezi, matope ya kufika magotini. Ndiyo sababu naiheshimu sana kazi ya kuuandalia mlima huu.

Sisi wa Beni na Butembo, upande wa Kongo, tumezaliwa na nusu ya kazi hiyo. Mtazame mama anayeteremka na kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Hatua ni fupi, goti limelegea kidogo, wayo mzima unaujaribu udongo kabla ya kuukabidhi uzito. Sijaona mwalimu bora. Anayetaka kupanda abebe mzigo kwenye vilima vya Butembo, aanze na kilo chache, aongeze wiki hadi wiki, na afanye mazoezi ya kuteremka sawasawa na ya kupanda, kwa kuwa kwenye mteremko ndipo magoti huumia.

Pumzi ina mambo yake. Huko juu hewa ni nyepesi, na kijana wa misuli aweza kuumwa kichwa na kutapika huku mzee akipita polepole. Njia ya upande wetu, itokayo Mutsora karibu na Mutwanga, imepangwa kwa busara: unalala Kalonge, kisha Mahangu, kisha Kiondo iliyo juu ya mita 4,000, mwili ukizoea kidogo kidogo. Kichwa kikizidi kuuma, shuka. Hakuna cha kubishana hapo.

Kwa vifaa, natetea buti za mpira, zile zile za shambani. Kiatu cha ngozi cha bei kubwa kikishalowa huko hakikauki. Buti unaifuta kwa kitambaa, asubuhi unaendelea. Iwe na nafasi ya soksi nzito za sufu, na ivaliwe mapema hadi kisigino kiizoee. Viatu vigumu na meno ya chuma vikae begini hadi kwenye barafu. Shati la pamba libaki nyumbani, maana likilowa linakuibia joto. Nguo za kulalia zitie katika mfuko mzito wa plastiki, ukandamize kwa kifua hewa itoke, usokote mdomo, uukunje, uufunge kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kandamiza tena: ukisikia hewa inavuja, fungua uanze upya.

Vita vimeifunga njia ya Mutsora kwa vipindi virefu, na wengi wa Bungulu, huko Beni, wanaujua mlima wao kwa macho tu. Ng'ambo, Kasese nchini Uganda, ndugu zetu Wakonzo ndio wapagazi na viongozi. Ndio waliobeba mizigo ya Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia, alipofika Margherita mwaka 1906. Kilele kikapewa jina la malkia wa kwao. Njia yetu itakapotulia, natamani kuwaona vijana wa Bungulu wakilala Kalonge na mizigo waliyoifunga kwa mikono yao.