Bustani Inayoanza na Kisiki

Anayetaka bustani ya miombo pembezoni mwa mji wa Kolwezi, Kongo, asikimbilie jembe. Ardhi iliyokatwa miti kwa ajili ya makala huonekana tupu, kumbe visiki vyake vingi viko hai na mizizi yake ni ya miaka mingi. Kisiki cha Brachystegia au Julbernardia, miti mikuu ya miombo, hutoa machipukizi tele. Fundi huyachagua mawili matatu yaliyonyooka, yaliyotoka karibu na ardhi, hukata mengine kwa panga kali, kisha husubiri. Mche wa mbegu hauna mbio za machipukizi hayo: miaka yake ya kwanza hujenga mzizi, huku kishina chake kikifa kiangazi na kuchipua tena. Isitoshe, miti hii hushirikiana na kuvu wa mizizini, na uyoga mwingi unaochumwa wakati wa mvua ni zao la ushirika huo. Mche wa kwenye mfuko, uliojazwa udongo wa kwingine, huweza kuukosa. Ndiyo maana ufundi huu, kwangu, ni wa kulinda kuliko kupanda.

Kulinda dhidi ya nini? Moto, kabla ya yote. Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka, majaribio yaliyoanza 1933 yalionyesha kwamba moto wa mwisho wa kiangazi huangamiza miti, ila ule wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, huiacha isimame. Basi afadhali kuchoma ukanda wa kinga mwezi wa Mei kuliko kuomba Septemba ipite salama.

Wapo watakaosema mikaratusi hukua upesi. Kweli, na ipandwe kwa nguzo na makala, ila mahali pake. Viwavi wanaouzwa sokoni hulishwa na miombo, si mikaratusi. Pingamizi zito zaidi ni la udongo wenyewe. Kwenye vilima vya shaba miombo haistawi. Hapo wenyeji ni nyasi na maua kama Haumaniastrum katangense. Lubumbashi, palipochafuliwa na moshi wa tanuri la shaba lililoanza kazi 1911, watafiti wamejaribu kufunika udongo kwa nyasi fupi, Microchloa altera. Kulazimisha miti mahali kama hapo ni kutojua bustani. Linalobaki gumu ni la mpangaji: chipukizi huhitaji miaka mingi, naye hana hakika kama kiwanja kitakuwa chake msimu ujao. Huyo simlaumu akiuza kisiki.